Tovuti ya "kumtetea mlaji" inapotaka namba yako ya siri: dalili, vyanzo na namna ya kuipima

Mtu anayetafuta ushauri wa mlaji huwa tayari ana kidonda. Friji limekufa wiki ya pili, umeme wa LUKU umelipiwa na tokeni haikuja, au pesa imekwenda kwa duka la mtandaoni ambalo sasa halipokei simu. Ana hasira, ana haraka, na maelezo yote anayo mkononi. Ndiyo maana matapeli hutengeneza tovuti zinazojiita mabaraza ya walaji, vituo vya malalamiko au huduma za kurejesha fedha zilizoibwa. Hapo hawana kazi ya kumbembeleza mtu ajaze fomu, kwa sababu amekuja mwenyewe akiitafuta.

Kabla ya dalili yoyote, shika kipimo kimoja: linganisha kinachoombwa na kazi inayosemwa itafanyika. Ofisi halisi ikipokea lalamiko inahitaji jina lako, namba ya kukupata, jina la muuzaji, tarehe, kiasi, nakala ya risiti au ujumbe wa muamala, na maelezo ya ulichokwisha kumwambia muuzaji na alivyokujibu. Ofisi nyingine zitataka pia namba ya kitambulisho. Namba ya siri ya pesa za simu, namba tatu za nyuma ya kadi, nywila ya barua pepe au tarakimu zilizoingia sasa hivi kwa ujumbe mfupi hazina kazi katika hatua yoyote ya kushughulikia lalamiko. Tovuti inayoziomba inataka kuingia kwenye akaunti yako.

Dalili: anwani ina jina la taasisi unayoijua, lakini haikai sawa

Chanzo ni kwamba jina la taasisi linaweza kuwekwa popote ndani ya anwani bila idhini ya mtu. Kinachomtambulisha mwenye tovuti ni kipande kimoja tu, nacho husomwa kinyumenyume. Tafuta mkwaju wa kwanza baada ya https://, kisha rudi kushoto. Katika anwani fcc.go.tz/malalamiko, kabla ya mkwaju kuna go.tz, na kushoto kwake fcc: hiyo ni Tume ya Ushindani ya Tanzania, iliyoundwa kwa Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003. Sasa chukua anwani hii ya kubuni: fcc.go.tz.rejesha-fedha-walaji.com/fomu. Kabla ya mkwaju kuna .com, na kushoto kwake rejesha-fedha-walaji. Mwenye tovuti ni huyo. Maneno fcc.go.tz yaliyotangulia ni pambo ambalo mwenye rejesha-fedha-walaji.com ameliweka mwenyewe, kama mtu anavyoweza kuandika "Ikulu" kwenye mlango wa banda lake.

Vikoa vya go.tz, yaani majina ya tovuti yanayoishia hivyo, hutolewa kwa taasisi za serikali tu, chini ya Mamlaka ya Serikali Mtandao, na go.ke ya Kenya nayo ni ya serikali. Majina ya co.tz, or.tz, co.ke na or.ke husajiliwa kupitia mawakala kwa ada, kwa hiyo herufi hizo peke yake hazithibitishi kwamba kuna ofisi, bodi wala wanachama. Majina ya .com, .org, .top, .online na .site hununuliwa na yeyote duniani, kwa dakika chache.

Kwa hiyo usifuate kiungo. Andika mwenyewe. Tanzania, malalamiko ya bidhaa na biashara ya udanganyifu ni ya FCC, fcc.go.tz. Umeme, maji, mafuta na gesi vina Baraza la Ushauri la Watumiaji, ewuraccc.go.tz. Simu, vifurushi na intaneti ni Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, tcra.go.tz. Benki na watoa mikopo wako chini ya Benki Kuu, bot.go.tz. Kenya, Mamlaka ya Ushindani iko cak.go.ke. Karibu kote utaambiwa uanze na muuzaji au kampuni yenyewe, kisha uje na majibu yao. Tovuti inayokuambia usizungumze na benki yako wala kampuni ya simu kwa sababu "wao ndio washukiwa" inakutenga na watu wanaoweza kuzuia wizi.

Usigeuze kanuni hii kuwa rungu. Shirika la Viwango la Kenya, KEBS, ni la umma na linatumia kebs.org. Mwisho wa .org unakuambia uthibitishe kwa njia nyingine tu, kwa mfano kwa kutafuta anwani hiyo kwenye tovuti ya wizara inayoisimamia taasisi hiyo.

Herufi nazo hudanganya jicho. "rn" zikibanana husomeka kama "m", herufi kubwa I hufanana na l ndogo, na sifuri hukaa mahali pa o. Wengine hutumia herufi za Kirusi zinazofanana kabisa na zetu. Ukinakili anwani ya namna hiyo na kuibandika kwingine, mara nyingi inageuka na kuanza na xn--. Ukiona xn-- kwenye anwani inayodai ni ya taasisi ya Tanzania au Kenya, funga ukurasa.

Kwenye simu tatizo ni kubwa zaidi kwa sababu nafasi ni ndogo. Facebook na Instagram hufungua kurasa ndani ya programu zao zenyewe, na anwani hufichwa au hukatwa. Gusa vitone vitatu vya juu, chagua kufungua kwenye kivinjari, kisha gusa upau wa anwani na uburute mpaka uione yote. Ipo ishara nyingine ambayo wengi huipuuza: kivinjari kilichohifadhi nywila yako hujaza chenyewe kwenye tovuti ile ile tu uliyoihifadhia. Siku kikikaa kimya kwenye ukurasa unaoonekana ni ule ule wa kila siku, kimeona tofauti ya anwani ambayo wewe hukuiona. Usiandike nywila kwa mkono kukisaidia.

Dalili: ilitokea ya kwanza kwenye Google, au ililetwa kwako ulipolalamika hadharani

Nafasi ya juu kabisa kwenye matokeo ya utafutaji mara nyingi ni tangazo lililolipiwa, na alama ya tangazo huandikwa kwa herufi ndogo juu yake. Tapeli hulipia maneno yale yale unayoyaandika ukiwa na shida: "kurudishiwa pesa", "namba ya huduma kwa wateja", "kulalamikia benki". Pita matangazo yote, kisha bado soma anwani.

Njia ya pili ni X na Facebook. Umeandika "benki yangu imenikata mara mbili" na kuitaja. Muda si muda akaunti yenye nembo ya benki, au ya "dawati la walaji", inakujibu kwa upole, inakupa pole na inakuomba uende faraghani au ujaze fomu. Fungua wasifu wake. Tazama tarehe ya kujiunga, idadi ya wafuasi, na majibu yake mengine: akaunti ya kweli ina historia ya miaka na machapisho yake yenyewe, ya uongo ina majibu tu, yote yakifanana neno kwa neno. Alama ya bluu kwenye X siku hizi hununuliwa kwa malipo, hivyo usiitegemee.

Kiungo kilichokuja kwa ujumbe binafsi kinaweza kubeba namba yako ndani yake, ukiona mlolongo mrefu wa herufi na tarakimu baada ya alama ya kuuliza. Kukifungua tu kunamwambia aliyekituma kwamba namba hiyo ina mtu na mtu huyo anabofya.

Dalili: kufuli ipo, https ipo, kwa hiyo unadhani ni salama

Kufuli ilimaanisha tu kwamba mawasiliano kati yako na tovuti hayasomwi njiani. Cheti chake hutolewa bure na Let's Encrypt kwa yeyote mwenye jina la kikoa, tapeli akiwemo. Google iliiondoa alama hiyo kwenye Chrome mwaka 2023 kwa sababu watu waliichukua kama hati ya uaminifu. Https ikikosekana, usijaze kitu. Ikiwepo, bado hujajua chochote kuhusu mwenye tovuti.

Dalili: fomu inaanza kwa upole, kisha inaongeza maswali

Hapa ndipo wizi wenyewe ulipo. Fomu za matapeli hugawanywa kurasa tatu au nne kwa makusudi. Ya kwanza inauliza kilichokusibu, na inakuonea huruma. Ya pili inataka jina na simu. Ya tatu inataka kitambulisho. Ya nne inataka "akaunti ya kupokelea fidia". Ukifika huko umetumia dakika kumi, umeeleza uchungu wako, na kurudi nyuma kunaonekana kama hasara. Kuna jambo jingine la kiufundi: kila ukurasa unaomaliza umeshatumwa. Kuna hata fomu zinazotuma kila herufi unapoiandika, kabla hujagusa kitufe cha kutuma. Kuacha katikati hakufuti ulichokwisha andika, na ukiacha katikati chukulia kwamba wanacho.

Tazama kila kisanduku na ujiulize kinafungua mlango gani.

Namba ya NIDA, ile ya kitambulisho cha taifa cha Tanzania, ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku uliyozaliwa. Anayeipata amepata tarehe yako ya kuzaliwa bila kuiuliza. Majina ya mama yanaonekana hayana uzito, lakini ndiyo maswali yanayotumika kumhakiki mtu anapotafuta namba yake ya kitambulisho au anapopiga simu benki. Baraza la walaji halina haja ya kumjua mama yako. Picha yako ukiwa umeshika kitambulisho karibu na uso ni kitu cha thamani kubwa kuliko vyote, kwa kuwa ndiyo inayotakiwa na programu za mikopo na huduma za fedha kufungua akaunti kwa mbali. Deni litakuja kwa jina lako. Namba ya akaunti ya benki peke yake haitoshi kutoa pesa, ila ikiungana na jina, simu na tarehe ya kuzaliwa inampa mpigaji simu maneno ya kukushawishi. Namba ndefu ya mbele ya kadi, tarehe ya mwisho na zile tatu za nyuma zikiwa pamoja zinatosha kununua vitu mtandaoni. Fidia huingia kwenye akaunti au simu, na hakuna anayehitaji namba tatu za nyuma ya kadi ili akuwekee pesa.

Baadhi hutumia Google Forms ili anwani isomeke docs.google.com au forms.gle, na mtu akaona neno Google akatulia. Google ni mwenye karatasi tu, aliyeandika maswali ni mwingine. Chini ya kila fomu ya namna hiyo kuna onyo la kutotuma nywila, nalo limewekwa kwa sababu.

Jaribio rahisi, bila kutoa taarifa yoyote ya kweli: kama tovuti ina sehemu ya "fuatilia lalamiko lako", andika namba ya kubuni kabisa. Mfumo wa kweli utajibu kwamba namba haipatikani. Wa uongo utazungusha duara, kisha utakuambia faili limeonekana na kuna kiasi kinakusubiri, kwa sababu nyuma yake hakuna kumbukumbu yoyote ya kutafuta. Onyo moja: kurasa nyingine za uongo husema "umekosea" mara ya kwanza kwa makusudi, ili uandike nywila mara mbili au ujaribu nywila zako nyingine. Kukataliwa mara moja si ushahidi wa uhalali.

Dalili: fidia imeidhinishwa, ila lipa kidogo kwanza

Huitwa ada ya faili, kodi ya fidia, gharama ya wakili, au "kuthibitisha akaunti". Hulenga hasa waliokwisha kutapeliwa, na orodha za watu hao huuzwa kati ya matapeli. Aliyepoteza fedha kwenye upatu wa mtandaoni atapata, wiki chache baadaye, tovuti inayosema inarejesha fedha za upatu huo huo.

Kupima ni kuangalia pesa inaelekea wapi. Malipo ya serikali Tanzania hupita kwa kontroo namba yenye tarakimu 12, na kabla hujathibitisha utaona jina la taasisi. Kenya malipo ya huduma za serikali hupita eCitizen, Paybill 222222. Ukielekezwa kwenye namba ya simu ya mtu, au Lipa Namba inayoleta jina la mtu binafsi au duka usilolijua, simama hapo. Soma jina linalotokea kabla ya kuweka namba ya siri. Kisingizio cha "huyo ni mhasibu wetu" hakibadilishi kitu. Ukishalipa, ada ya pili itazaliwa, kisha ya tatu, kila moja ikitetewa na ile uliyokwisha toa.

Dalili: huoni ni nani anaendesha tovuti

Fungua "Kuhusu sisi". Ofisi ya kweli ina mahali: mtaa, sanduku la posta, sheria iliyoiunda au namba ya usajili, na majina ya viongozi unayoweza kuyakuta kwingine. Ya uongo ina maneno mapana kuhusu "wataalamu wenye uzoefu", namba ya WhatsApp pekee, na viungo vya chini vinavyokurudisha palepale. Nakili sentensi moja ndefu, iweke ndani ya alama za nukuu na uitafute. Ukiikuta kwenye tovuti tano zenye majina tofauti, umeona kiwanda. Picha za "wateja walioridhika" zitafute kwa Google Lens. Mara nyingi ni picha za kuuzwa zilizotapakaa dunia nzima.

Kisha tafuta umri wa jina. Kwa .com, .org na nyingine za kimataifa, nenda lookup.icann.org, andika jina la kikoa bila https wala mikwaju, na usome tarehe ya kuundwa. Kwa .tz tumia huduma ya kuulizia ya msimamizi wa majina ya .tz, kwa .ke ya KeNIC, msimamizi wa majina ya Kenya. Jina la mwenye kikoa litakuwa limefichwa mara nyingi, na hilo ni la kawaida kwa tovuti nyingi halali, lisikusumbue. Kinachosema ni tarehe. Tovuti inayodai kuwatetea walaji "kwa zaidi ya miaka 15" huku jina lake likiwa limenunuliwa miezi miwili iliyopita imejijibu yenyewe. Ongeza web.archive.org, kumbukumbu ya kurasa za zamani, uone ukurasa huo ulikuwaje miaka iliyopita.

Kumbukumbu hiyo inafichua jambo jingine gumu kidogo. Jina la kikoa lisipolipiwa huachwa, na yeyote anaweza kulichukua. Chama cha walaji kilichokufa kinaweza kuacha jina lenye umri mkubwa na viungo kutoka magazetini, kisha tapeli akalinunua. Ukiona kwenye kumbukumbu kwamba tovuti ilikuwa ya chama, ikakaa tupu, kisha ikarudi na sura mpya na fomu ya fidia, usiihesabu miaka yake ya zamani kama sifa.

Dalili: inataka upakue programu au uruhusu arifa

Programu ya kuwekwa nje ya Play Store, faili linaloishia na .apk, halina sababu ya kuwepo kwenye utoaji wa ushauri. Ikishawekwa itaomba kusoma ujumbe mfupi, ili ichukue namba za uthibitisho, na itaomba ruhusa ya ufikivu, inayoiwezesha kuona skrini na kubofya kwa niaba yako. AnyDesk na TeamViewer ni programu halali, lakini "afisa" anayekuomba uziweke ili "akusaidie kujaza" anataka kutazama skrini yako ukiingia benki.

Ikiwa umeshaiweka, washa hali ya ndege na uzime Wi-Fi. Bonyeza kitufe cha kuzimia, shikilia neno la kuzima mpaka simu ikupe hali salama, kisha iondoe programu hapo. Ikigoma kuondoka, nenda mipangilio ya usalama uiondoe kwanza kwenye orodha ya wasimamizi wa kifaa. Nywila zibadilishe kwa simu nyingine, si hiyo.

Arifa ni jambo dogo: Chrome, Mipangilio, Mipangilio ya tovuti, Arifa, na uifute tovuti hiyo.

Dalili: simu inaita muda mfupi baada ya kujaza fomu

Anajua jina lako, kiasi ulichopoteza na jina la duka. Anajua kwa sababu umemwandikia. Huu ndio mwisho wa kazi ya tovuti: kumpa mpigaji maneno ya kukufanya umwamini.

Tanzania, huduma kwa wateja ya kampuni za simu ni namba 100. Safaricom ya Kenya inasema hupigia wateja kwa 0722 000 000 pekee. Lakini hata namba ikionekana sahihi, anayetaka namba ya siri si mfanyakazi wa huduma. Kata, kisha piga 100 mwenyewe.

Angalia maombi mawili. La kwanza: "tumekutumia tarakimu sita, nisomee". Soma ujumbe wote kabla ya kusoma tarakimu. Mara nyingi ujumbe wenyewe unasema ni namba ya kusajili WhatsApp au kuthibitisha malipo. La pili: "piga **21* ikifuatiwa na namba hii, halafu alama ya reli (#)". Huo ni msimbo wa kuelekeza simu zako zote kwa mtu mwingine, ili benki ikipiga kuhakiki, ajibu yeye. Kama umeupiga, bonyeza ##002# kufuta uelekezaji wote, kisha *#21# uone kama umefutika.

Inaonekana ya uongo, lakini huenda si ya uongo

Tovuti nyingi halali za ofisi zetu zina viungo vilivyokufa, picha za miaka mitano nyuma, cheti kilichoisha muda, hata anwani ya Gmail. Makosa ya lugha pia hayathibitishi kitu, na siku hizi za uongo ndizo zimeandikwa kwa Kiswahili kilichonyooka. Kwa upande mwingine, tovuti ya kweli inaweza kuvamiwa na kupachikwa ukurasa wa wizi ndani yake. Kwa hiyo hata kwenye anwani sahihi, ukurasa unaotaka namba ya siri usiujaze. Piga simu ofisini kwa namba uliyoipata kwingine, si ile iliyoandikwa kwenye ukurasa huo huo.

Umeshajaza: fanya haya, kwa mpangilio huu

Anza na kilicho karibu na pesa. Kama umetoa namba ya siri, ibadilishe sasa hivi: *150*00# kwa M-Pesa ya Vodacom Tanzania, *150*01# kwa Mixx by Yas, *150*60# kwa Airtel Money, kisha piga 100 uombe akaunti isimamishwe kama kuna muamala usioujua. Kenya, ujumbe wa M-Pesa wa muamala uliokosewa hutumwa 456 kuomba urejeshwe. Kila dakika ina maana hapa, kwa sababu pesa ikishatolewa kwa wakala haizuiliki tena.

Kama ni kadi, piga benki ifungwe na itolewe mpya. Usisubiri kuona kama watatoa. Matapeli wengi hujaribu kwanza kiasi kidogo sana ambacho hutakigundua.

Kama ni nywila ya barua pepe, ibadilishe hiyo kabla ya nywila nyingine zote, kwa kuwa ndiyo inayopokea viungo vya kubadilisha nyingine. Ukishabadilisha, tazama orodha ya vifaa vilivyoingia na uvitoe, angalia namba ya simu ya urejeshaji kama ni yako, na tafuta kanuni ya kupeleka nakala za barua kwa anwani usiyoijua. Kanuni hiyo hubaki ikifanya kazi hata nywila ikibadilika.

Kama ni namba ya WhatsApp, isajili upya kwenye simu yako, aliyeiba atatolewa. Akiwa ameweka namba yake ya hatua ya pili, utasubiri siku 7 ndipo uingie bila namba hiyo. Waambie ndugu kwa njia nyingine wasitume pesa. Tazama pia orodha ya vifaa vilivyounganishwa.

Kama ni kitambulisho, piga *106#, Tanzania na Kenya, uone laini zilizosajiliwa kwa jina lako, na nenda dukani kwa kampuni husika ufute usiyoitambua. Rudia baada ya mwezi, kwa sababu taarifa zilizoibwa hukaa sokoni muda mrefu. Mteja wa Safaricom anaweza kuzuia laini yake isibadilishwe kwa mbali kwa *100*100#. Laini yako ikipoteza mtandao ghafla huku wenzako wa mtandao huo huo wanapata, chukulia kwamba imehamishwa: nenda dukani siku hiyo hiyo na kitambulisho, na wakati huo huo mtu mwingine aipigie benki yako.

Kabla ya kufuta chochote, piga picha za skrini zikionyesha anwani nzima, saa, na ujumbe wa miamala. Nenda polisi upate namba ya taarifa yako, Tanzania huitwa RB, Kenya OB, kwa kuwa benki na kampuni ya simu zitaidai. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inahusu wizi wa namna hii Tanzania. Namba iliyokupigia iripoti kwa 15040 Tanzania, na kwa mteja wa Safaricom tuma ujumbe wa utapeli kwenda 333. Matumizi ya taarifa zako bila ridhaa ni ya Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, pdpc.go.tz, kwa sheria ya 2022 iliyoanza kutumika Mei 2023, na Kenya ni Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data, odpc.go.ke, kwa sheria ya 2019. Tovuti yenyewe iripoti Google kupitia safebrowsing.google.com/safebrowsing/report_phish. Ikikubaliwa, Chrome itaanza kuwaonyesha wengine ukurasa mwekundu wa onyo kabla hawajaifikia fomu.